Taswira zimeungana, mbona pua ndiyo iliyotoka kali?

*"Fundi, habari za kazi. Nimenunua Leica M Typ 240 iliyotumika pamoja na lenzi ya Zeiss C Sonnar milimita 50 f/1.5. Nikifungua lenzi hadi f/1.5 na kulenga macho ya mtu aliye umbali wa mita moja hivi, pua inatoka kali na macho yanakuwa laini. Nikibana hadi f/5.6 kila kitu ni safi. Nikitazama kwenye dirisha la kamera, taswira mbili zinaungana barabara, kwa hiyo sidhani kama nakosea kulenga. Rafiki mmoja anasema lenzi imekufa, niiuze. Mwingine anasema nikaze kile kigurudumu kilicho ndani ya mdomo wa kamera. Nataka pia lenzi ya pili ya harusi na ya kupiga vichochoroni. Niko Mji Mkongwe, vyumba vyetu vidogo, nafikiria ya milimita 21, au 90 kwa ajili ya sura. Navaa miwani. Na kuna mtu ananiuzia Jupiter-8 ya Kirusi kwa bei ya kutupa. Nifanyeje?"*

Nzuri, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, lenzi yako haijafa, na inaelekea kamera yako nayo ni nzima. Hicho kigurudumu usikiguse kwanza. Dalili uliyoitaja, yaani pua kali kwa f/1.5, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na picha safi kwa f/5.6, likiwa limebanwa, inajulikana sana kwa watumiaji wa lenzi hiyohiyo, na sababu yake imo ndani ya vioo vyenyewe. Tuanze hapo, maana ukishaielewa, hata swali la lenzi ya pili litakuwa jepesi.

Umesema taswira zinaungana, kwa hiyo umelenga sawasawa. Sehemu ya kwanza ni kweli, ila ya pili haifuati. Dirisha la renjifainda, yaani kipima umbali cha kamera yako, halipiti ndani ya lenzi. Mbele ya kamera kuna madirisha mawili yaliyoachana kwa milimita 69 hivi. Moja unatazama moja kwa moja, la pili linaingiza taswira yake pembeni na kuileta kwenye kile kiraka chenye mwanga katikati. Unapozungusha pete ya lenzi, ukingo uliochongwa nyuma ya lenzi unasukuma kigurudumu kidogo, kigurudumu kinasukuma mkono, na mkono unageuza pembe ya taswira ya pili mpaka ikae juu ya ile ya kwanza. Ni hesabu ya pembetatu, ileile ya wapima ardhi. Kwa hiyo taswira zikiungana, kamera inakwambia: "Kitu hiki kiko umbali huu, na pete ya lenzi imewekwa kwenye umbali huu." Kuhusu ukali wa picha haina habari. Acha kifuniko mbele ya lenzi uone: taswira zitaungana vizuri kabisa, na picha itatoka nyeusi tii. Wengi wameshapoteza picha kwa namna hiyo, wenye uzoefu wakiwamo.

Na kwa kuwa halipiti ndani ya lenzi, dirisha halijui pia kama umefungua f/1.5 au umebana f/8. Kwa lenzi nyingi hilo halina madhara. Kwa Sonnar lina madhara, tena makubwa.

Mchoro wa Sonnar ulibuniwa na Ludwig Bertele wa Zeiss, na miaka ya 1930 ukawa fahari ya kamera za Contax. Siku hizo vioo havikuwa na rangi ya kuzuia mng'ao, kwa hiyo kila mahali hewa ilipokutana na kioo mwanga ulipotea na picha ikafifia. Bertele akavibandika vioo pamoja katika makundi machache, picha zikapata nguvu. Gharama yake ni kwamba miale inayopita pembezoni mwa lenzi haikutani mahali palepale inapokutana ile inayopita katikati. Ya pembezoni inakutana karibu zaidi na lenzi, ya katikati nyuma kidogo. Ukifungua tundu lote, miale ya pembezoni ni mingi, nayo ndiyo inayoamua fokasi, yaani mahali pakali, ikae wapi. Ukibana tundu, unaikata, inabaki ya katikati, na fokasi inahama. Kwa mtazamo wa mpigapicha, kadiri unavyobana ndivyo mahali pakali panavyosogea nyuma, mbali na wewe. Ulaini mtamu wa sura na mandhari ya nyuma ambao watu wanaununulia lenzi hii unatoka kwenye kasoro hiyohiyo. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Mtengenezaji basi lazima achague: renjifainda iseme kweli kwa tundu lipi? Kwa C Sonnar ya sasa ziko nakala zilizopangwa kusema kweli karibu na f/2.8, na ziko zilizopangwa kwa f/1.5. Kwa nje hazitofautishiki. Yako inaonekana ni ya f/2.8. Ukiifungua hadi f/1.5 kwa umbali wa mita moja, mahali pakali panakuja mbele kwa sentimita moja au mbili. Ncha ya pua iko sentimita mbili au tatu mbele ya macho. Hesabu inakubaliana na ulichokiona.

Kwa nini basi f/5.6 ni safi? Kwa sababu kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma linalobaki kali, kinafunika kosa. Kwa kipimo cha zamani cha filamu, milimita 50 kwa mita moja na f/1.5 inakupa sentimita tatu na nusu tu za ukali, mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa f/5.6 ni kama sentimita 13. Lakini kipimo hicho kiliwekwa kwa watu waliotazama picha ndogo za karatasi. Sensa ya Typ 240 ina megapikseli 24, na wewe unaikuza picha kwenye kompyuta mpaka unahesabu kope. Kwa jicho kali namna hiyo, zile sentimita tatu na nusu zigawe kwa mbili. Ndiyo maana lenzi zilizotumika miaka mingi kwenye filamu bila lawama zinaanza kulaumiwa zikifungwa kwenye kamera ya kidijitali. Lenzi ni zilezile, jicho ndilo lililoongezewa ukali.

Usiniamini kwa maneno matupu, pima. Kazi hii ni ya nusu saa. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, mahali penye mwanga wa kutosha wa dirishani. Simamisha boksi lenye maandishi meusi umbali wa mita moja, likitazamana na kamera sawasawa. Pembeni yake laza rula iliyoinama nyuzi 45, ili alama yake ya katikati iwe sambamba na uso wa boksi. Lenga maandishi kwa renjifainda, piga kwa f/1.5, kisha zungusha pete yote hadi alama ya mbali kabisa, ulenge upya na kupiga tena. Fanya hivyo mara tano. Rudia kwa f/2, f/2.8, f/4 na f/5.6, kila mara ukilenga upya. Baadaye washa kutazama kwa skrini, kuza mara 10, ulenge kwa skrini ukiwa kwenye tundu lilelile utakalopigia, na upige mfululizo wa pili.

Sasa soma matokeo. Ikiwa kwa skrini picha ya f/1.5 ni kali pale ulipolenga, lakini kwa renjifainda inakuja mbele kwa f/1.5 na kukaa sawa karibu na f/2.8, hiyo ni tabia ya Sonnar na hakuna kilichoharibika. Ikiwa renjifainda inakosea kwa tundu lolote, tafuta lenzi nyingine yoyote ya Leica M, hata ya kuazima kwa saa moja, ufanye jaribio lilelile. Nayo ikikosea kwa upande uleule, tatizo liko kwenye mwili wa kamera. Ikiwa sawa, tatizo liko kwenye lenzi yako. Ikiwa hata kwa skrini hupati ukali popote, au upande mmoja wa picha ni mkali na mwingine umefifia, hapo kuna kioo kilichohama au kimeingia utando. Na kama zile picha tano za tundu moja zinatofautiana, moja mbele, nyingine nyuma, usilaumu chuma kabla ya kuangalia jicho.

Kuhusu jicho: dirisha la Leica M limewekewa kioo cha nusu dayopta hasi (dayopta ni kipimo cha nguvu ya miwani), na taswira unayoiona inakaa kana kwamba iko mita mbili mbele yako. Kwa hiyo miwani inayofaa ni ya kuona mbali. Kama yako ni ya kusomea tu, ivue. Kama huoni vizuri bila miwani na hutaki kuivaa, viko vioo vidogo vya kusahihisha vinavyofungwa kwa skrubu kwenye dirisha. Omba kwanza namba ya jicho lako kwa mtaalamu wa macho, kisha ukumbuke ile nusu iliyomo tayari. Kiraka nacho kina sharti lake: jicho likikaa pembeni, kinafifia na taswira zinadanganya. Liweke katikati, na utafute mstari wima wa kulenga: ukingo wa mlango, pembe ya miwani ya mtu, ukosi. Kwenye ngozi tupu ya shavu utahangaika bure.

Tuseme jaribio limethibitisha kuwa ni tabia ya Sonnar. Njia ziko kadhaa. Ya bure kabisa ni kuizoea. Kwa f/1.5 na watu wa karibu, lenga jicho lililo mbali zaidi nawe, au nywele za pembeni ya paji. Au lenga jicho, kisha sogeza mwili mbele, kuelekea kwa mtu, kwa upana wa kidole. Si nyuma, wengi wanageuza hapo na kuzidisha kosa.  Njia ya pili ni kulenga kwa skrini, au kununua kitazamio cha kielektroniki kinachofungwa juu ya kamera. Hapo unaona mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, na kuhama kwa fokasi kunakoma kuwa tatizo. Ila Typ 240 ni nzito kidogo kwa njia hiyo, kwa sababu shata, pazia lililo mbele ya sensa, lazima ijifunge kwanza ndipo ipige, na picha inachelewa. Kwa mtu aliyetulia kitini inafaa. Kwa mtoto anayekimbia Forodhani haifai.

Njia ya tatu ni kuipeleka lenzi kwa fundi aipange iseme kweli kwa f/1.5. Inawezekana, ila jua unachobadilisha: ukibana hadi f/2.8 au f/4 kwa mtu wa karibu, kosa litahamia nyuma, na masikio yatakuwa makali kuliko macho. Kama picha zako nyingi za karibu ni za f/1.5, fanya. Kama unatumia tundu lolote kadiri ya mwanga, iache ilivyo. Na kama hutaki mambo haya kabisa, badilishana na Zeiss Planar 50 f/2 au Summicron 50 f/2 ya Leica. Huko kuhama kwa fokasi ni kudogo kiasi kwamba utakusahau. Utapoteza ule utamu wa f/1.5, lakini hakuna atakayekucheka. Planar ni lenzi safi sana.

Sasa kile kigurudumu. Kimefungwa kwenye kitovu kisicho katikati, na ukikizungusha kwa ufunguo wa pembe sita unabadilisha mahali renjifainda inapoungana kwa umbali usio na mwisho. Marekebisho ya karibu yako mahali pengine kwenye mkono, na yale ya taswira kupandana juu na chini ni skrubu ya tatu. Zinategemeana: ukigusa moja, lazima urudi kuzipima nyingine. Shida kubwa zaidi ni kwamba kamera inatakiwa kusema kweli kwa lenzi zote. Ukiipindisha ili ipatane na Sonnar kwa f/1.5, utakuwa umeipotosha kwa kila lenzi utakayoinunua baadaye. Kipimo cha haraka unachoweza kufanya mwenyewe ni hiki: weka pete kwenye alama ya mbali kabisa, tazama mlingoti au mnara ulio zaidi ya kilomita moja, au mwezi. Zikiungana bila kupita wala kupungua, na zikilingana juu na chini, mwili wa kamera una afya upande huo.

Jambo jingine hukuliuliza, lakini litakukuta. Typ 240 ina kasi ya mwisho ya shata ya 1/4000 ya sekunde na ISO yake ya asili ni 200. Kwenye jua la mchana la pwani, f/16 inataka 1/200 hivi. Ukipanda hadi f/4 tayari uko 1/3200. Kwa f/1.5 ungehitaji zaidi ya 1/20000, nayo haipo. Kwa hiyo ukitaka kufungua lenzi mchana, nunua filta ya giza ya stopu tatu (inayopunguza mwanga mara nane), ile inayoandikwa ND8, kipenyo cha milimita 46 kwa C Sonnar. Kwa uzuri wa renjifainda, filta haikuzibii dirisha, unaendelea kuona kama kawaida.

Twende kwenye lenzi ya pili. Naelewa kwa nini 21 inakuvutia, lakini hebu tufanye hesabu badala ya kukisia. Upana wa picha ni umbali mara 36, gawanya kwa milimita za lenzi. Ukisimama mita tatu, lenzi ya 50 inachukua mita 2.2 za upana, 35 inachukua mita 3.1, 28 inachukua karibu 3.9, na 21 zaidi ya mita 5. Pima sebule mbili tatu unazopigia kazi. Mara nyingi 35 inaingiza kochi zima na bibi harusi na mashoga zake bila kuwavuta nyuso wa pembeni, kitu ambacho 21 itakifanya tu: aliyekaa ukingoni atanenepa, na hatakushukuru.

Halafu kuna dirisha lenyewe. Mistari ya fremu ya Typ 240, ile inayoonyesha dirishani picha itaishia wapi, inaanzia 28 na kuishia 135, ikiwaka kwa jozi: 28 na 90, 35 na 135, 50 na 75. Kwa 21 hakuna mstari. Itabidi ulenge kwa dirisha la kamera, kisha uhamishe jicho kwenye kitazamio cha nyongeza kilichofungwa juu, au utumie skrini. Na kwa kuwa unavaa miwani, hata fremu ya 28 utaiona kwa kuhangaisha jicho, kona moja baada ya nyingine. Fremu ya 35 utaiona, ukibana miwani kidogo dhidi ya dirisha. Mpira mwembamba wa kuzunguka dirisha utaokoa kioo cha miwani kisikwaruzike.

Tatizo la tatu la lenzi pana ni rangi. Lenzi za renjifainda zinaruhusiwa kuingia ndani sana kwa sababu hakuna kioo cha kuruka kama kwenye kamera za SLR, ambazo unatazama kupitia lenzi yenyewe. Kwa filamu hilo lilikuwa baraka: michoro myepesi, midogo, isiyopinda mistari. Kwenye sensa, miale ya pembeni inaanguka kwa mshazari mkali, inapita kwenye kioo cha juu cha sensa kwa njia ndefu, na nyingine inaangukia pikseli ya jirani. Pembeni mwa picha kunapata giza na rangi ya waridi au kijani. Leica waliegemeza vijilenzi vya juu ya sensa kuelekea katikati ili kupunguza hali hiyo, na kamera inasahihisha zaidi ikijua lenzi gani imefungwa, kwa alama sita za msimbo kwenye mdomo wa lenzi. Lenzi za Zeiss na Voigtländer kwa kawaida hazina alama hizo, hivyo ingia kwenye menyu uchague mwenyewe lenzi ya Leica inayofanana nayo. Kwa 50 hutaona tofauti. Kwa 21 za mchoro wa zamani, kama C Biogon 21 f/4.5 au Color-Skopar 21 f/4, hata menyu haitoshi. Utakuwa unasafisha rangi kwa programu kila picha. Lenzi ni nzuri sana kwa filamu au kwa picha nyeusi na nyeupe, lakini gauni jeupe la harusi litakuumbua.

Kwa hiyo shauri langu ni 35. Kati ya zile za bei ya kati, Zeiss Biogon 35 f/2 ndiyo ningeiweka mbele kwa kazi yako: mistari ya milango na baraza inabaki imenyooka, fokasi yake haihamihami, inalenga hadi sentimita 70, na pete yake ya tundu inagonga kwa theluthi za stopu kama Sonnar yako, kwa hiyo vidole havitachanganyikiwa. Ultron 35 f/2 ya Voigtländer ni ndogo zaidi na inakwenda karibu zaidi. Nokton Classic 35 f/1.4 ni ya bei nafuu na inatamanisha kwa ile 1.4, ila nayo inahamisha fokasi na inapindisha mistari kama pipa. Utakuwa umejinunulia tena tatizo ulilonalo. Summicron 35 ya Leica ni bora, sina ubishi, lakini tofauti ya bei na Biogon inatosha kulipia huduma ya kamera yote na kubaki na chenji.

Faida ya 35 vichochoroni ni kwamba hata kulenga unaweza kuacha. Weka f/8, pete kwenye mita tatu, na kila kitu kuanzia mita 1.9 hadi 7 kitakuwa kikali kwa kipimo cha zamani. Kwa sensa yako kuwa mwangalifu zaidi: ukiwa f/8 soma alama za f/5.6 kwenye lenzi, uhesabu takribani mita 2.1 hadi 5. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, mtu anayekuja mbele yako mara nyingi yumo humo. Panda ISO hadi 1600 kivulini bila woga ili kasi isishuke chini ya 1/250. Na ujue kuwa mistari ya fremu kwenye Typ 240 imepimwa kwa mita mbili. Kitu kikiwa mbali, picha itachukua zaidi ya unavyoona kwenye fremu. Usimkate mtu miguu kwa kuogopa ukingo.

Kuhusu 90, nakuomba usubiri. Ukuzaji wa dirisha lako ni 0.68, kwa hiyo zile milimita 69 za kati ya madirisha zinafanya kazi kama 47 tu. Kwa 35 hizo ni nyingi mno, kwa 50 zinatosha, kwa 90 f/2 zinabana, na kosa dogo la kamera ambalo 50 inalificha litaonekana wazi. Fremu ya 90 nayo ni theluthi tu ya upana wa ile ya 28, kijidirisha kidogo katikati. Ukiitaka siku moja, chukua yenye f/2.8 au f/4. Kwa mita mbili na f/4 una sentimita 12 hivi za ukali, na hiyo inatosha sura nzima. Kwa sasa Sonnar yako ya 50 ndiyo lenzi ya sura.

Jupiter-8 je? Ni Sonnar pia, mchoro uleule uliochukuliwa na Warusi baada ya vita, f/2, uzi wa milimita 39. Itaingia kwa adapta nyembamba ya milimita moja. Hakikisha adapta ni ile ya kuwasha fremu ya 50. Shida ni kwamba kipimo cha lenzi za Kirusi kinatofautiana kidogo na kile ambacho renjifainda ya Leica inakitegemea, milimita 51.6. Ikipangwa ikawa sawa kwa mbali, inakosea kwa karibu. Juu ya hapo, nakala nyingi zimeshafunguliwa na mafundi wa kila aina katika maisha yao marefu. Kwa kulenga kwa skrini inatoa picha za kupendeza. Kama bei ni ya kutupa kweli, inunue kama kitu cha kuchezea, usiende nayo harusini. Ila akikuletea Jupiter-12 ya 35, iache: kioo chake cha nyuma kinaingia ndani mno kwa kamera ya kidijitali.

Kabla ya kununua lenzi yoyote iliyotumika huko pwani, ifungue tundu lote, uimulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Vumbi kidogo si kitu; kuvu ni sababu ya kuondoka. Zako zihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, pamoja na silika (chembe za kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Mkoba wa ngozi ni wa kutembelea tu. Ukilaza kamera humo usiku unailisha kuvu.

Kumpelekea fundi mwenyewe ana kwa ana kunahitajika lini? Taswira zisipolingana juu na chini, mnara wa mbali usipoungana, matokeo ya jaribio yakiyumba ingawa jicho ni zima, kamera ikiwa imeanguka, au lenzi zote mbili zikikosea upande mmoja. Fundi wa kawaida wa kamera, hata awe hodari wa Canon na Nikon, si lazima awe na vifaa vya hili. Muulize kama ana kolimeta (kifaa cha kupimia fokasi ya mbali) na kama amewahi kupanga renjifainda ya Leica M. Akisita, kamera iende kwa huduma inayotambuliwa na Leica. Kiwanda chenyewe kiko Wetzlar, Ujerumani. Usitume mwili peke yake. Tuma mwili na lenzi zote pamoja ili vipangwe kama ukoo mmoja, weka picha za jaribio kwenye kadi, na uandike karatasi fupi: umbali mita 1, tundu f/1.5, ukali unakuja mbele kwa sentimita kadhaa ulizopima, kwa skrini ni sawa. Na juu yake, kwa herufi kubwa, unataka Sonnar iseme kweli kwa tundu lipi, maana usipoandika fundi atakuchagulia.